Kununua nyumba Dar ukiwa ughaibuni: uliandaaje makaratasi na pesa? Tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu kutunza wazee. Mwaka 2022 nilinunua nyumba Tabata bila kukanyaga Dar, na tangu hapo napigiwa simu kila mara: dada, ulifanyaje? Naandika yangu hapa, na nyie mliopitia mlete yenu.

Pesa nilikuwa nayo, nilijibana miaka sita. Kilichonichelewesha miezi saba ni karatasi. Pasipoti yangu ina jina la ndoa, NIDA (kitambulisho cha taifa) ina jina la baba. Kwa macho ya ofisi hao ni watu wawili. Ikabidi cheti cha ndoa na kiapo cha majina vitangulie, ndipo TIN, namba ya mlipakodi, ikakaa sawa.

Halafu hati ya uwakilishi, ili kaka yangu asaini kwa niaba yangu. Ya kwanza niliiandika mwenyewe: "namruhusu kununua nyumba." Wakili wa Dar akairudisha. Haina namba ya kiwanja wala kitalu, haisemi kama anaweza kusaini fomu za uhamisho, kwenda TRA (mamlaka ya mapato) au kupokea hati. Ya pili aliiandika wakili mwenyewe. Nikasaini mbele ya mthibitishaji huku, ikagongwa muhuri wa mambo ya nje wa Uingereza, ikapita ubalozi wetu London, ndipo nikaituma halisi, maana picha ya simu haisajiliki. Tuliandika pia asichoruhusiwa, yaani kuuza na kuweka rehani, na kwamba baada ya miezi 12 hati hiyo imekufa.

Nyumba ya kwanza niliyoipenda ilikuwa Kimara. Nakala ya hati niliyotumiwa WhatsApp ilikuwa safi kabisa. Wakili akafanya upekuzi, yaani kukagua rekodi za nyumba kwa Msajili wa Hati, akakuta rehani ya benki imekaa juu yake. Gharama ya upekuzi ni ndogo mno ukilinganisha na ambacho ningepoteza. Naomba sana, hata kama muuzaji ni mjomba wako, usitume hata senti kabla ya upekuzi.

Upande wa pesa, benki yangu ya huku ilizuia muamala wa kwanza siku tisa, wanataka kujua pesa imetoka wapi na inakwenda kufanya nini. Muuzaji akaanza kuongea na mteja mwingine. Siku hizi namwambia kila mtu aongee na benki mapema na awape mkataba wa mauziano, hati za mshahara na taarifa za akaunti ya akiba. Na bei ya nyumba siyo mwisho: kuna ushuru wa stempu asilimia 1, wakili, uthamini, usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, lakini bila TRA kumaliza naye uhamisho hauendi, na wengi Dar wanataka mnunuzi aibebe. Andikeni kwenye mkataba nani analipa.

Mdau wa Muscat

Dada umesema kweli tupu. Mimi nilimnunulia mama nyumba Mbagala, haina hati, karatasi ya mauziano tu na mhuri wa serikali ya mtaa. Mashahidi wanne, mwenyekiti yupo, nikajua nimemaliza. Miezi mitatu baadaye akaja mke wa muuzaji kutoka Tanga. Hakuwahi kusaini chochote, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Simlaumu yule mama, alikuwa anatetea paa la watoto wake. Tulisuluhishana kwa kumwongezea pesa, lakini mama yangu alikaa mwaka mzima na begi limefungwa mlangoni, akisubiri kufukuzwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama muuzaji ana ndoa, ridhaa ya mwenzi isainiwe siku hiyohiyo. Akisema hana, aape mbele ya wakili.

Mdau wa Minneapolis

Kabla ya yote jiulize una pasipoti gani. Mimi nilichukua uraia wa Marekani, mwaka 2018 nikataka kununua Mbezi kwa jina langu. Wakili akanikalisha chini: kwa sheria ya ardhi nimeshakuwa mgeni, kwa jina langu haiwezekani. Wenzangu wengi waliandikisha kwa majina ya ndugu, na wengine leo hawasalimiani na hao ndugu. Sasa kuna hii hadhi maalumu ya diaspora, kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, muulizeni wakili inawafikia vipi kabla hamjaweka ahadi na mtu.

Mdau wa Doha

Mimi Mkenya, nilinunua Syokimau. Kwetu unahitaji PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, amana ya asilimia 10 inakaa kwa wakili. Ikiwa ni shamba, kibali cha bodi ya ardhi pia. Hiyo ya rehani ilinipata vilevile, upekuzi ukaniokoa.

Mdau wa Muscat

Dada wa Leicester, pesa ulipitishia kwa kaka?

Mwanzisha mada

Hapana, ndugu yangu wa Muscat. Ilitoka akaunti yangu hadi ya muuzaji, kwa awamu: ya kwanza mkataba uliposainiwa, kubwa baada ya kibali cha uhamisho. Kaka alinuna wiki mbili, akasema simwamini. Nikampigia nikamweleza kwamba sitaki siku moja mtu aje amdai au amtilie shaka kwa ajili yangu, saini yake tu inanitosha. Siku alipokabidhiwa funguo alinipigia video, akatembea chumba kwa chumba, akafika jikoni akafungua bomba nisikie maji yanavyotoka.