Nimezurura Berlin siku 5 peke yangu, nimerudi na hasira: kwa nini yanayotuhusu sisi Waafrika hatuonyeshwi?

Wakuu, habari za humu. Nimerudi wiki iliyopita na bado imenikaa kooni, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Nilidunduliza miaka 2 kwa ajili ya safari hii. Viza ya Schengen sasa ni euro 90, uwe na bima ya kufikia euro 30,000, upeleke taarifa za benki na ushahidi kwamba utarudi kwenu. Yote nikavumilia. Kwa kuwa Ulaya nilikuwa siijui, nikamlipa wakala mmoja hapa Dar anitafutie malazi na kunipangia ratiba. Nilimwambia kwa kinywa changu: nataka kufika mahali panapotuhusu sisi. Akanipa kurasa 4. Lango la Brandenburg, mabaki ya Ukuta, bunge, maduka makubwa, na matembezi ya mguu yenye mtu wa kutuongoza. Kuhusu sisi hakuna hata mstari mmoja.

Siku ya pili nikaenda kwenye hayo matembezi. Tukafikishwa kwenye maegesho ya magari kati ya majengo ya ghorofa, ambapo chini yake ndipo lilipokuwa handaki alimofia Hitler. Tulisimama muda mrefu, watu wanapiga picha lami. Lami tupu! Sikatai, ni historia nzito na lazima isimuliwe. Lakini dakika chache tu kutoka pale, Wilhelmstraße namba 92, ndipo ilipokuwa nyumba ya Chansela Bismarck. Humo, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa wakawekeana masharti ya kuigawana Afrika, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Pamewekwa kibao cha maelezo. Nilikuwa nimesoma habari zake usiku kwenye simu, nikawa nasubiri zamu yake. Hatukupelekwa. Nikamfuata anayetuongoza, nikamuuliza, akasema hapo hapamo kwenye matembezi na tunachelewa. Nikaachana nao palepale, nikaenda mwenyewe.

Mimi kwetu Kilosa. Mkutano ule ulipomalizika tu, wino haujakauka, Mjerumani Carl Peters akapewa barua ya ulinzi ya Kaiser, mfalme wao, juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, kwa makaratasi aliyowafanya machifu watie saini miezi michache kabla. Usagara ndiko kwetu! Nyumba ya babu yangu imo kwenye barua ile. Nilisimama mbele ya kile kibao karibu nusu saa na hakuna mpita njia aliyesita hata kukitupia jicho.

Tangu hapo ratiba nikaitia kwenye begi, nikawa natembea kwa kujitafutia. Nikapanda treni ya U6 hadi Afrikanische Straße, kule Wedding. Unakunja kona unasoma Tangastraße, mbele Usambarastraße, Sansibarstraße, Ugandastraße. Barabara iliyokuwa na jina la Peters wameigawa na kuibadilisha 2024, kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Kule Neukölln, mtaa uliokuwa wa Wissmann, gavana wa Kijerumani huku kwetu, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi! Wanaharakati weusi wa huko wamelipigania jambo hilo miaka na miaka. Sasa niambieni, misafara mingapi ya wakubwa wetu imepita Berlin? Mbona mimi nimeyajua haya nikiwa nimesimama chini ya kibao cha mtaa, tena kwa bahati?

Makumbusho ya viumbe wa kale sitayasemea sana, wengi mnajua. Yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, na yuko katikati ya ukumbi. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, Maji Maji imetoka kuisha, na mamia ya watu wa kusini ndio waliochimba na kubeba mifupa ile kwa kichwa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Nilikuta watoto wa shule wamekaa sakafuni wanamchora dinosaria huyo. Mtoto wa Lindi atamchora lini? Euro 90 atazitoa wapi?

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni kijiwe cha kumbukumbu cha Brunnenstraße namba 193, jirani na Rosenthaler Platz. Ni kipande cha shaba upana wa kiganja, kimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Aliingizwa vitani na Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu chao, akaoa. 1941 Wanazi wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na humo alifia Novemba 24, 1944.

Kijiwe kilikuwa na vumbi. Watu wanakikanyaga wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi. Nikapiga goti nikakifuta kwa leso, nikamsomea Fatiha. Nilitamani sana wakati ule awepo mtu mmoja tu wa kuongea naye Kiswahili.

Huyo wakala nimemwandikia mara 3 anirudishie hela ya ratiba. Anajibu kwamba nilipata nilicholipia. Sikupata! Nilichoomba nilikitaja wazi na ujumbe ninao kwenye simu. Mwenye uzoefu wa kudai marejesho kwa watu wa namna hii anielekeze pa kuanzia, maana sina mpango wa kunyamaza.

Na ninyi mnaoishi Berlin, wekeni hapa chini mahali pengine nilipopapita bila kujua. Andikeni mtaa, namba ya nyumba na treni ya kupanda.