QGIS au ArcGIS kwa ramani ya udongo, Bukavu?

Bonde35: Salamu wote. Ofisi ina data ya uchunguzi wa udongo, tunataka ramani ya mteremko na ya kina cha mwamba. Kwa programu ya kuchora ramani, tulipie ArcGIS ao tubaki na QGIS ya bure? Bosi anataka jibu Ijumaa.

Penetrometa: Mashimo ya uchunguzi mangapi? Eneo kubwa kiasi gani? Koodineti mlipima na nini?

Kahuzi: QGIS, bila kufikiri. Ila data iweke kwenye faili ya GeoPackage. Shapefile, aina ya zamani ya faili, hukata majina ya safu kwenye herufi 10: "kina_mwamba" na "kina_mwamba2" hutazijua tena. Na kabla ya kupiga mteremko, hamishia kila kitu UTM kanda 35 Kusini, koodineti za mita (msimbo EPSG:32735). Ukiacha koodineti kwa digrii huku vimo viko kwa mita, mji mzima utatoka na mteremko wa karibu digrii 90.

Variogramu: ArcGIS kwa krigingi, yaani kukadiria kwa takwimu thamani za kati ya mashimo. Inakupa na ramani ya makosa.

Bonde35: Mashimo 14, hekta 6 hivi, upande wa Funu. Koodineti ni za simu.

Penetrometa: Za simu! Basi acheni programu kwanza. Simu hukosea mita 5 hadi 10 mahali pa wazi, na katikati ya nyumba zaidi. Kwenye mteremko wa digrii 30, ukikosea mita 8 kuelekea bondeni, kimo cha mdomo wa shimo unachosoma kwenye ramani kinashuka mita 4.6. Kuna kazi ya ukuta wa kuzuia udongo iliharibika hivyo hivyo: mashimo mawili kwenye kontua moja (kimo kimoja), mwamba mita 6 kote kuwili. Nukta moja ikasogea juu, nyingine chini, ramani ikatoa ngazi ya mita 9 ndani ya mwamba. Wakaisoma kama ukingo wa poromoko la zamani, msingi upande mmoja ukaandikwa uchimbwe chini zaidi. Wachimbaji wakakuta basalti mapema, na chuma kilikuwa kimeshakatwa.

Kahuzi: Na krigingi kwa nukta 14? Grafu yake ya variogramu (tofauti kati ya nukta kwa umbali) itachora chochote. Watu hutaka 30 kwenda juu.

Variogramu: IDW, makadirio kwa uzito wa umbali, nayo inachora miduara kuzunguka kila shimo. Chagua ugonjwa wako. Angalau tumia modeli ya vimo ya satelaiti ya ALOS, mita 12.5 kwa pikseli.

Kahuzi: Hiyo 12.5 ni SRTM (vimo vya rada toka angani) ya mita 30 imekatwa vipande vidogo, tena vimo vyake ni vya elipsoidi, si vya toka usawa wa bahari. Mkato wa mita 4 nyuma ya nyumba hauuoni humo. Tumieni droni.

Lava_Goma: Huku kwetu Goma penetrometa (fimbo ya kupima ugumu wa udongo) ikigoma juu ya lava, watu wanaandika "mwamba" na ramani inapendeza. Chini ya lava kunaweza kuwa na majivu laini ao tundu. Wekeni safu ya "sababu ya kusimama".

Penetrometa: Na jedwali la matabaka liwe peke yake, shimo moja mistari mingi, toka mita ngapi hadi ngapi.

Bonde35: Aksanti. Bosi anauliza: ArcGIS inasahihisha koodineti yenyewe?

Penetrometa: Hapana. Tafuta mpimaji mwenye totali stesheni (chombo cha kupima pembe na umbali), kama vigingi vya mashimo bado vipo.

Bonde35: Vigingi… mvua ya mwezi jana.