Naombeni msaada, mdogo wangu kakwama kwenye pemyutesheni na kombinesheni mpaka anataka kuhama PCM (fizikia, kemia, hesabu)

dada_wa_ujiji:
Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shkamooni. Nipo Ujiji, mdogo wangu yuko kidato cha tano PCM bodingi huko Tabora, karudi likizo na treni juzi na tangu afike hana raha, jana saa saba usiku namkuta bado kainamia daftari ndo akanifungukia kwamba topiki ya probabiliti imemshinda, jaribio kafeli na akirudi anaomba kuhamia HGL (historia, jiografia, Kiingereza) kama niliyosoma mimi. Jamani huyu mtoto anapenda fizikia toka mdogo, naumia kweli. Mi hesabu niliachana nazo form four na hela ya tuisheni hatuna.

Maswali aliyokosa ni haya. La kwanza: kwenye wanafunzi 8 chagua rais, katibu na mhazini, kuna njia ngapi? Kaandika 56. La pili: herufi za neno TABORA zinapangwa kwa njia ngapi? Kaandika 720. Yote mkasi na hajaelezwa kwa nini.

mnyamwezi_wa_reli:
Pole sana dada. Mwambie akariri tu, kwenye kikokotoo swali likisema panga anabonyeza nPr (pemyutesheni), likisema chagua anabonyeza nCr (kombinesheni), mi nilitoboa hivyo hivyo.

mwl_kasulu:
Mkuu nakuheshimu ila hiyo ndo inayowaangusha hawa watoto, nafundisha hesabu na naiona kila mwaka. Soma tena swali lake, limesema "chagua", yeye akakimbilia nCr akapata 56 na akakosa.

Dada mwambie asahau hayo maneno, ajiulize kitu kimoja tu: nikibadilishana nafasi za hawa wawili, kitu kinabadilika au ni kile kile? Asha akiwa rais na Juma katibu, ukigeuza Juma akawa rais hiyo ni serikali nyingine kabisa, kwa hiyo mpangilio una maana. Urais wako watu 8, akishapatikana rais ukatibu wamebaki 7, uhazini 6, basi 8 × 7 × 6 = 336. Sasa chukua hao hao 8 utume watatu wakachote maji, hapo hamna cheo, Asha Juma Neema ni sawasawa na Neema Asha Juma, na kila watatu umeshawahesabu mara 3 × 2 × 1 yaani mara 6, kwa hiyo 336 gawa kwa 6 unapata 56. Unaona? Ile 56 yake ni jibu sahihi la swali la kuchota maji. Huyo mtoto anajua kukokotoa vizuri tu, alichokosa ni kulisoma swali.

Na kuna maswali yanachanganya vyote, mfano kamati ya watu 3 kutoka hao 8 na mmoja wao awe mwenyekiti. Chagua watatu njia 56, halafu yeyote kati yao anaweza kuwa mwenyekiti, 56 × 3 = 168. Hapo aliyekariri maneno anabaki anaangalia dari.

TABORA akate vikaratasi sita, A moja aiandike kwa peni nyekundu nyingine ya bluu. Kwa rangi hizo zipo 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 720 kweli, ila msomaji haoni rangi, kila neno limejirudia mara mbili, kwa hiyo 720 gawa 2 ni 360. KIGOMA herufi zote ni tofauti ndo maana yenyewe inabaki 720. Akimaliza afanye UJIJI.

dada_wa_ujiji:
Mwalimu Mungu akubariki. Tumekata boksi la sabuni tukakaa kwenye mkeka, UJIJI kaandika 120 akagawa mara mbili kwa I na mara mbili tena kwa J akapata 30, hakuamini akaziandika zote moja moja na kweli zimefika 30!! Kacheka leo. Sasa anauliza probabiliti inaingia wapi hapo.

mvuvi_kibirizi:
Inaingia pale pale, njia unazotaka juu, njia zote chini. Ndoo ina migebuka 5 na kuhe 3, unatoa samaki wawili bila kuchungulia na haurudishi. Wote kuwa migebuka: wa kwanza 5/8, wa pili 4/7 kwa sababu mgebuka mmoja umeshatoka na ndoo imebaki na samaki 7, zidisha ni 20/56 yaani 5/14. Wengi wanaacha 8 chini mara zote mbili, hiyo ni kama amemrudisha samaki ndooni. Njia ya pili, jozi za migebuka ziko 10 (5 × 4 gawa 2) juu ya jozi zote 28 (8 × 7 gawa 2), ni 5/14 ile ile. Na akiulizwa "angalau kuhe mmoja" asihangaike na kesi nyingi, kinyume chake ni wote kuwa migebuka, kwa hiyo atoe 1 − 5/14 = 9/14 basi.

mwl_kasulu:
Safi sana mvuvi. Dada mwambie pia kwamba mwaka 1654 wanahisabati wa Ufaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu kugawana dau la mchezo uliokatizwa njiani, na Fermat naye alianza kwa kuorodhesha njia zote kama yeye alivyofanya hapo mkekani.

Ampe hili: vikaratasi vya UJIJI vimechanganywa vikapangwa bila kuangalia, uwezekano wa I mbili kukaa pamoja ni ngapi?

dada_wa_ujiji:
Kazibandika I mbili kwa gundi zikawa karatasi moja, vimebaki vitu vinne, 24 gawa 2 kwa ajili ya J, akapata 12. Kaandika 12/30 = 2/5. Halafu kaenda kwenye ile orodha yake ya 30 anazipigia mstari na bado anahesabu.

mwl_kasulu:
2/5 ni sahihi. Muache amalize kuhesabu.