Mjadala: Je, vipimo vya utafiti wa mabamba ya metali unaolipiwa na umma viwekwe wazi?

Mtoa hoja: Naleta hoja kwamba utafiti wowote wa uundaji wa mabamba ya metali unaolipiwa kwa fedha za umma ulazimike kutoa vipimo vyake ghafi, pamoja na vya majaribio yaliyoharibika, badala ya kutuachia michoro michache inayoonyesha kwamba hesabu za kompyuta zimeafikiana na kipande kilichotoka kwenye mashine.

Chukueni bamba la chuma chenye nguvu kubwa linalokandamizwa kuwa umbo la mfereji. Likiwa ndani ya kalibu, yaani umbo la chuma linalolikandamiza, kuta zake zimesimama wima. Kalibu ikifunguka, kuta hupanuka na kujipinda kwa nje, kwa sababu kila sehemu yake ilikunjwa na kunyooshwa ilipopita kwenye ukingo wa kalibu, na mkazo uliobaki ndani unafunguka. Kwa alumini yenye nguvu sawa na chuma hicho, kujirudi huko hukaribia mara tatu, maana ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukinza kuvutika, ni takriban gigapaskali 70 ilhali wa chuma ni 210. Ili kukadiria jambo hili, kompyuta inahitaji kujua bamba linavyobadilika likivutwa kisha likabanwa, tabia ambayo mhandisi Mjerumani Johann Bauschinger aliieleza tangu karne ya 19. Jaribio la kawaida, la kuvuta kipande mpaka kikatike, halionyeshi tabia hiyo.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Jaribio hilo hupoteza usahihi pale kipande kinapoanza kusinyaa sehemu moja, ilhali kwenye kalibu bamba mara nyingi huvutika kupita hapo. Pengo hujazwa kwa fomula: ya Swift, ambayo grafu yake ya mkazo huendelea kupanda kadiri bamba linavyovutwa, au ya Voce, ambayo hufikia kikomo. Zote mbili zinaweza kupita vizuri kwenye vipimo vilevile, kisha zikatoa majibu tofauti kuhusu mahali bamba litakapopasuka. Makala isipotoa vipimo wala kueleza uchaguzi huo, msomaji atahakiki nini?

Mchangiaji: Mheshimiwa mtoa hoja, utafiti huu hauendeshwi na umma peke yake. Viwanda hutoa mabamba, mashine na muda wa mafundi, na vikiambiwa kwamba kila kitu kitatangazwa vitajiondoa. Isitoshe, roli moja ya bamba, yaani bamba refu lililoviringishwa, hutofautiana na nyingine hata zikitoka kwa mtengenezaji mmoja, hivyo anayetegemea vipimo vya mwenzake anajidanganya. Afadhali kila karakana ipime bamba lake yenyewe.

Mtoa hoja: Umbo la kalibu na mpangilio wa hatua za uzalishaji ni mali ya kiwanda, na sioni ubaya vikibaki siri. Lakini tabia ya bamba linalouzwa kwa mteja yeyote haiwezi kuitwa siri ya mteja mmoja. Mikutano ya NUMISHEET, ya kimataifa kuhusu kukadiria uundaji wa mabamba kwa kompyuta, imekuwa ikiwapa watafiti tatizo moja na vipimo vya bamba lilelile, wakakadiria matokeo kabla ya kuonyeshwa yaliyopatikana kwenye mashine. Mwaka 1993 tatizo mojawapo lilikuwa kikombe cha mraba. Utaratibu upo, kinachokosekana ni sharti.

Kuhusu tofauti za roli, hapo ndugu mchangiaji ameipa hoja yangu nguvu. Karakana yenye roli moja haiwezi kujua tofauti hizo zina upana gani. Vipimo vya roli nyingi vikikusanywa mahali pamoja, itajua.

Na vipande vilivyopasuka visitupwe. Mchoro wa mipaka ya uundaji, unaoonyesha bamba linaweza kuvutwa kiasi gani kabla ya kupasuka na uliotokana na kazi za watafiti Keeler na Goodwin katika miaka ya 1960, hupatikana kwa kuchora viduara juu ya bamba, kulivuta mpaka lianze kupasuka, kisha kupima viduara vilivyorefuka karibu na ufa. Bila ufa mchoro huo haupo. Namwomba mchangiaji ajibu hili moja: ni hasara gani hasa itakipata kiwanda, vipimo vya vipande hivyo vikitolewa bila kuonyesha kalibu?