Mlimnyang'anya funguo za gari mkampa baiskeli, hivi mlikuwa mnawaza nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha, atakayeona lugha yangu kali anivumilie maana nimekaa kimya miezi minne nikisema yaishe, na hayajaisha. Jumamosi iliyopita kundi lile lile lililompandisha mdogo wangu kwenye baiskeli akiwa kalewa limempandisha mtu mwingine, kwa maneno yale yale, "gari acha hapa, chukua baiskeli, baiskeli haiui mtu". Nimeyasikia kwa masikio yangu haya. Watu wazima, wengine wana watoto.

Na huyo wa Jumamosi alifika kwake salama, ndo kinachonitisha zaidi, maana kesho yake wakaanza kusema si unaona, kafika.

Sasa niwaeleze ya mdogo wangu. Walikuwa wanakunywa toka saa moja jioni, yeye alikunywa bia sita za nusu lita, hilo hakuna anayelibisha hata wao wanakubali. Saa sita usiku akainuka anataka kuondoka na gari, wakamzuia, wakamtoa funguo mfukoni, na hapo nawapa haki yao walifanya jambo la maana kabisa. Lakini ile akili iliyowaambia huyu hawezi kuendesha gari ilienda wapi dakika mbili baadaye? Mmoja wao akaenda kumtolea baiskeli yake akamwambia kanyaga taratibu utafika, kilomita tatu tu. Baiskeli haina taa ya mbele, yeye hana helmeti, na walimshikia siti ili aweze kupanda! Yaani mtu anashindwa hata kupanda mwenyewe, unamshikia, halafu unamwachia aende barabarani usiku.

Hebu mnisaidie wakuu, hivi kitu chenye magurudumu mawili kinahitaji mizani kidogo kuliko chenye manne? Gari ukiliachia linasimama lilivyo. Baiskeli haisimami, inasimamishwa na wewe, kila sekunde inataka kuanguka upande mmoja na wewe unageuza usukani kidogo kuelekea huko inakoangukia inanyooka, halafu upande wa pili tena, ukiwa mzima hata huoni kama unafanya hiyo kazi. Na ukienda taratibu ndo inayumba zaidi, kwaiyo huo ushauri wa "kanyaga taratibu" mnaowapa walevi ni ushauri wa kumwangusha mtu. Sehemu ya ubongo inayopanga mizani na mwendo wa mwili iko kule nyuma kisogoni, na ni moja ya sehemu ambazo pombe inazivuruga mapema, ndo maana mlevi anapepesuka hata kwa miguu. Sikio la ndani nalo linavurugika, kile kizunguzungu cha kulala ukaona kitanda kinazunguka kinatokea huko. Mtu wa namna hiyo ndo mnampa usukani wa kitu kisichojisimamia.

Alafu wapo waliosema eti alishakunywa kahawa. Kahawa inamwamsha mlevi, haimtoi pombe. Pombe inaondolewa na ini na ini lina mwendo wake halisukumwi, kwa watu wengi ni kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Bia moja ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Pigeni hesabu wenyewe, bia sita ni gramu 120, hata ini likienda kwa hiyo kasi ya juu ni saa 12. Mdogo wangu alianza saa moja jioni, pombe ingemwisha saa moja asubuhi, na nyie mlimtoa saa sita usiku. Tena ile chupa ya mwisho alikuwa kaimaliza muda huo huo, ilikuwa bado tumboni inaingia kwenye damu, maana yake akiwa njiani alikuwa anazidi kulewa, halevuki.

Hakugongwa na gari. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadhani baiskeli inakuwa hatari pale tu gari likikukuta. Barabara ilikuwa tupu. Tairi la mbele liliingia kwenye mpasuko wa lami, akashtuka akabana breki ya mbele yote kwa nguvu, mwili ukapita juu ya usukani akatua kwa kichwa, upande wa kushoto juu ya sikio. Mtu ambaye hajalewa angeuona mpasuko au angeachia breki au angetanguliza mikono. Mlevi mikono inachelewa, ndo maana wengi wao wanaumia uso na kichwa. Hata kwa mwendo wa kawaida, tuseme kilomita 20 kwa saa, unatembea zaidi ya mita tano kila sekunde, kwaiyo ukichelewa sekunde moja tu kushtuka umeshapita urefu wa gari zima hujafanya kitu.

Sasa kinachonichoma sana ni kilichofuata, na nawaomba mnaokunywa na watu mkisome hiki kipande hata kama mengine mtayaruka. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake wanatembea, wakamkuta amekaa chini anaongea, anacheka, anasema niko poa. Wakamwinua wakamfikisha kwake. Walipofika akatapika, wakasema pombe hiyo inatoka. Akalalamika kichwa, wakasema kesho atakoma. Akaanza kusinzia katikati ya maneno, wakamlaza na viatu wakafunga mlango wakaondoka. Mi nilienda asubuhi saa mbili kwa sababu nilipiga simu haipokelewi, nikamkuta anakoroma ule mkoromo mzito, nimemtikisa haamki, mboni ya jicho moja imetanuka kuliko ya pili.

Alikuwa anavujia damu ndani ya fuvu, damu inajikusanya kati ya mfupa na ubongo na kuubana ubongo polepole. Daktari alinieleza mtu anaweza kuanguka akaamka akaongea vizuri saa kadhaa halafu ndo azime, huo muda wa kuongea vizuri ndo unaowadanganya watu. Na angalieni dalili zenyewe, kutapika, kusinzia, maneno kukokota, kupepesuka, zote hizo ni dalili za mlevi! Kwaiyo mlevi aliyeanguka akapiga kichwa hakuna macho yatakayomtenganisha, si yenu si yangu, anatakiwa kupelekwa hospitali akapigwe picha ya kichwa usiku huo huo, habari ya "mwacheni alale itamtoka" haipo. Alipasuliwa siku hiyo. Yuko hai, namshukuru Mungu, ila mkono wa kulia haujarudi sawa na maneno yanamponyoka, anataka kusema kikombe anabaki kukiangalia anakionyesha kwa kidole huku machozi yanamtoka. Ana miaka 29.

Na nyie mnakuja kumwona mnasema "ajali haina kinga". Ajali gani? Mlimkabidhi.

Kuna jamaa kanijibu eti hakuna sheria duniani inayomkamata mtu wa baiskeli, sheria za kilevi ni za madereva. Nani kakwambia? Uingereza kuendesha baiskeli barabarani ukiwa umelewa hadi hufai ni kosa, limo kwenye sheria ya barabarani ya mwaka 1988. Ujerumani ukifika promili 1.6 kwenye damu, yaani sehemu 1.6 za pombe kwa kila elfu ya damu, ukiwa juu ya baiskeli ni jinai hata kama ulikuwa unaenda umenyooka, na usije ukaniambia basi chini ya hapo ruksa, maana kule hata ukiwa na 0.3 tu ukayumba au ukasababisha ajali unashtakiwa. Lakini niliyoipenda mimi ni ya Japani. Kule toka tarehe 1 Novemba 2024 ukikutwa kwenye baiskeli una miligramu 0.15 za kilevi au zaidi kwa kila lita ya pumzi unaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini hadi yeni 500,000. Na hawakuishia kwa mwendeshaji, anayempa mlevi baiskeli naye akaiendesha, huyo mtoaji anakabiliwa na adhabu ile ile, miaka 3 au yeni 500,000. Anayempa pombe mtu akijua anaondoka na baiskeli ni hadi miaka 2 au yeni 300,000. Niliposoma hicho kipengele cha mtoa baiskeli nilikisoma mara tatu, kumbe wapo walioliona hili na kuliandika.

Mnasema sasa tungefanyaje. Godoro lilikuwepo, mlilalia nyinyi wenyewe! Mngemlaza pale kwa ubavu, mmoja wenu akawa anamwangalia. Mngemlipia usafiri, pesa za bia nyingine zilikuwepo. Mngemsindikiza kwa miguu, si hao wawili walitembea? Kama walikuwa wanatembea njia hiyo hiyo kwa nini yeye awe juu ya baiskeli, si wangeikokota tu. Hata ile hoja ya kwamba anayeendesha baiskeli kalewa anajidhuru mwenyewe sikubali, kuna mtoto wa watu anavuka, kuna mama mzee haoni baiskeli isiyo na taa inakuja, kuna dereva mzima kabisa atamkwepa huyo mlevi aingie kwenye nguzo. Na hata kama ni yeye mwenyewe tu, yeye mwenyewe ana watu. Mama yetu anamlisha uji mtu wa miaka 29.

Simtetei mdogo wangu, alikunywa mwenyewe hakuna aliyemmiminia kwa nguvu, na nimemwambia hivyo usoni. Ila saa sita usiku kati yake na nyinyi nani alikuwa na akili ya kuamua? Nyinyi ndo mliokuwa na akili ya kuchukua funguo.

Baiskeli iko hapa kwangu ukutani, rimu ya mbele imepinda. Mwenye nayo kanipigia juzi, hakuuliza mkono unaendeleaje, ameuliza baiskeli yake itarudi lini, kuna mtu anaihitaji Jumamosi.