MREJESHO: Zile nyufa za biliti, kumbe ni unga wa moldi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini biliti zetu hapa Mwanza (vipande virefu vya chuma vinavyomiminwa kwenye moldi, yaani kalibu), chuma cha kaboni 0.12%, zinapasuka kwa urefu wakati mashine haina tatizo. Mliosema niangalie unga wa moldi, ule unaomwagwa juu ya chuma kilichoyeyuka, nao ukayeyuka na kukaa kati ya chuma na ukuta wa moldi, mlipatia. Wetu ulikuwa na uwiano wa chokaa kwa silika wa 0.9: ukipoa unabaki kama kioo, joto linatoka haraka mno, na chuma cha kaboni hiyo hunywea sana kikiganda. Tumehamia wa 1.2, ambao hufanya fuwele zinazopunguza kasi ya joto. Nyufa zimepungua sana, ila hazijaisha.

Kwamba floridi huufanya unga ulioyeyuka uwe mwepesi kutiririka na alumina huufanya mzito nilijua. Aibu ni magunia: tuliyaacha wazi, yakanywa unyevu wa ziwa! Sasa tunayafunga.