Tupeane uzoefu: kumtoa mwanafunzi wa hisabati kwenye kukokotoa hadi kuthibitisha

Chaki Nyeupe: Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wanaofundisha au kusimamia wanafunzi wa hisabati vyuoni. Kijana anatoka kidato cha sita PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na A yake ya Advance, maswali ya kukokotoa anayamaliza haraka, halafu analisisi (somo la kuthibitisha limiti na mengine ya kalkulasi) inamwangusha test ya kwanza tu. Mnafanyaje? Tuweke mbinu na mahali panapoharibika.

Mzee wa Delta: Anzia kwenye maana ya limiti, hasa mfuatano wa "kwa kila" na "ipo". Kwa kila epsiloni (ε, umbali unaoruhusiwa kati ya jibu na limiti) kubwa kuliko 0, ipo delta (umbali unaoruhusiwa kati ya x na namba inayoielekea) kubwa kuliko 0. Delta huchaguliwa baada ya epsiloni kutajwa, lakini kabla ya x. Asiyeshika hilo atakariri mpaka UE (mtihani wa mwisho wa chuo).

Mpe athibitishe kwamba x² inaelekea 4 pale x inapoelekea 2. Kuvunja |x² − 4| kuwa |x − 2||x + 2| hakumsumbui mtu. Wengi wanaandika papo hapo delta = ε/|x + 2| na kufunga kazi. Usimsahihishe haraka. Muulize: "Hiyo delta ni namba gani?" Atatafuta, ataona imetegemea x ambayo bado haijatajwa. Sasa mwambie akubali kwanza delta isizidi 1. Kwa hiyo x iko kati ya 1 na 3, na |x + 2| haifiki 5. Delta inakuwa iliyo ndogo kati ya 1 na ε/5.

Kisha badilisha swali: x² inaelekea 9, x inapoelekea 3. Akirudia ε/5, ujue amekariri, kwani hapo inatakiwa ε/7.

Tena mdai karatasi mbili. Kwenye ya rafu anatokea mwisho kurudi nyuma kuitafuta delta. Ile safi inaanza "Chukua ε > 0". Vitabu vingi huonyesha ile safi peke yake, ndiyo maana mwanafunzi anadhani ε/5 imeshuka kutoka mbinguni.

Binti wa Tanga: Naunga mkono hiyo ya rafu, ila ina hatari yake. Wapo wanaokabidhi rafu kama ndiyo uthibitisho: wanaanza na kinachotakiwa, wanakigeuza-geuza mpaka 0 = 0, wanapiga mstari. Waonyeshe ubaoni kwamba kwa njia hiyo −1 = 1 pia "inathibitika": weka mraba pande zote, unapata 1 = 1. Kila hatua lazima iweze kurudi kinyumenyume, na mraba haurudi.

Kwenye semina, waache waelezane kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayeshindwa kueleza kwa Kiswahili hajaelewa hesabu; anayeeleza vizuri akashindwa kuandika anahitaji msaada wa kuandika tu. Ni wagonjwa wawili tofauti, na dawa ni tofauti.

Chaki Nyeupe: Nimeipenda hiyo. Na wa mwaka wa tatu wanaofanya project?

Msimamizi: Wengi huchagua modeli za magonjwa, yaani milinganyo ya jinsi ugonjwa unavyoenea. Kinachoharibika sana ni vipimo vya muda. Mgonjwa akiambukiza kwa siku 5, kiwango cha kupona ni 1/5, yaani 0.2 kwa siku. Umri wa kuishi miaka 65 unatoa kiwango cha vifo cha 1/(65 × 365), kama 0.000042 kwa siku. Mwanafunzi anachukua 0.2 ya siku na 1/65 ya mwaka, anaviweka kwenye mlinganyo mmoja, na grafu inatoka nzuri kabisa huku ni uongo. Kabla hajagusa kompyuta, dai jedwali: alama, maana, thamani, kipimo, ilikotoka. Jedwali lisipokamilika, msikae kikao.

Na R₀ (wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja pale wote wengine wanapoweza kuambukizwa) aitoe kwanza kwa mkono kwenye modeli ndogo, β/(γ + μ), ambapo β ni kiwango cha kuambukiza, γ cha kupona na μ cha vifo, ndipo aongeze makundi mengine ya watu. Akianza na makundi 7, hatajua kosa liko wapi.

Mzee wa Delta: Kwa upande wa ushauri, waambieni mwaka wa kwanza kwamba First Class kwa Tanzania ni GPA 4.4 kwenda juu, na Upper Second inaanzia 3.5. Wanaowaza AIMS (taasisi ya Afrika ya masomo ya juu ya hisabati) kule Kigali wajifunze LaTeX (ya kuandikia hisabati) na Python (lugha ya programu) mapema, wasisubiri project. Anayelenga benki au bima achukue kozi za takwimu, lakini analisisi asiikimbie: uwezekano (probability) wa ngazi ya juu unaegemea limiti zilezile.

Binti wa Tanga: Kesho nitaweka maswali ya induksheni (kuthibitisha kwa kuanzia namba ya kwanza, kisha kutoka namba moja hadi inayofuata) yenye makosa yaliyofichwa. Wape wanafunzi wayatafute kabla ya test.